Jerikani moja kwa udhu mmoja: barua ya wazi kuhusu saikolojia ya Kiislamu

Kwa Samahatu Mufti na Baraza Kuu la Waislamu Uganda,
Kwa Mkuu na Seneti ya Chuo Kuu cha Kiislamu, Mbale,
Kwa Wizara ya Afya na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, Kampala.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kwa wale miongoni mwenu ambao si Waislamu, heshima yangu kwenu ni ileile.

Mimi ni muuguzi wa magonjwa ya akili. Nawaomba saikolojia ya Kiislamu, yaani tiba ya nafsi inayoshika elimu ya dini na ya hospitali kwa pamoja, ifundishwe hapa kwetu. Nilizaliwa Bombo katika nyumba ya Wanubi, kizazi cha askari waliotoka Sudan, na mwaka huu natimiza miaka 19 kazini huku West Nile. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotukutanisha wodini: Mlugbara, Mwaringa, Mnubi, askari mstaafu aliyetoka Teso, mama mkimbizi kutoka Sudan Kusini. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi. Sisi wa wodini tulikuwa tumeshakirasimisha zamani. Nina sababu ya pili pia. Neno ninaloanzia ni la Kiswahili, nalo ni wasiwasi.

Baba yangu alikuwa askari. Alipostaafu alirudi Bombo, na kama wastaafu wengi akarudi na msikitini. Tulifurahi. Halafu tukaanza kuona maji yanakwisha. Kwanza birika moja halikutosha kwa udhu, yakawa mawili. Baada ya mwaka ikawa jerikani nzima, lita 20, kwa udhu mmoja. Anaosha mkono wa kulia mpaka kiwiko, anaanza wa kushoto, anasita, anajiuliza kama ule wa kulia ulilowa wote, anarudi mwanzo. Adhana inaadhiniwa yumo uani. Inakimiwa yumo uani. Imamu anatoa salamu, watu wanarejea makwao na viatu mkononi, Baba bado yumo uani na ngozi ya vidole imejikunja kama ya mtoto aliyekaa sana mtoni. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa akilipia yale maji, alinyamaza muda mrefu. Siku moja akasema tu: "Mzee huyu ananawa mpaka udhu wenyewe unamkimbia."

Tulimpeleka kwa sheikh mmoja anayesomea watu. Alimsikiliza dakika tano, akasema ni jini anayekaa kwenye maji, akampa kombe la kunywa siku 21 na nyiradi za kuzidisha kila usiku. Kila uradi ulitaka udhu. Mnaona wenyewe hesabu ilivyokwenda.

Tukampeleka hospitali. Daktari kijana, mpole, mwenye foleni ndefu mlangoni, alimwambia: "Mzee, punguza mambo ya dini kwa muda." Baba alivaa kofia yake, akanishukuru kwa nauli, akatoka. Hakurudi kwa daktari yeyote miaka mitatu.

Simlaumu hata mmoja wao. Sheikh alifundishwa kitabu chake, daktari alifundishwa chake, na ugonjwa wa Baba ulikuwa umekaa katikati, mahali ambapo hakuna aliyetumwa kuangalia.

Kabla sijasema alivyopona, niseme nilichokikuta baadaye nilipoanza kutafuta. Kumbe maradhi ya Baba yana jina katika fikihi, na ni jina lilelile tunalolitamka kila siku bila kufikiri. Kwa Kiswahili cha leo wasiwasi ni mashaka ya kawaida: nina wasiwasi mvua itanyesha, nina wasiwasi na fundi huyu. Kwa mafakihi lilikuwa pia jina la hali ya mtu aliyezidiwa na shaka katika udhu, katika nia na katika takbira, hadi ibada yenyewe ikamshinda. Ibn Qudama wa Damascus, aliyefariki mwaka 1223, aliandika risala nzima juu ya watu hao. Ibn Hajar al-Haytami wa Makka, karne ya 16, ambaye ni mwanazuoni wa madhhab ya Shafii inayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, aliulizwa kama wasiwasi una dawa. Akajibu kwamba dawa yake ni kuupuuza moja kwa moja, na kwamba mwenye kuusikiliza utazidi kumkaza mpaka umfikishe kwenye safu za wendawazimu.

Jibu hilo nililisoma mara tatu. Chuoni tulifundishwa kwamba ugonjwa wa mawazo yanayomganda mtu na matendo ya kurudiarudia hutibiwa, pamoja na vidonge, kwa kumzoesha mgonjwa kukutana na lile linalomtisha bila kufanya kitendo cha kujituliza. Ashike kitasa, asinawe. Shaka ije, ikae, ichoke, iondoke. Ukiitii, umeilisha. Njia hiyo Victor Meyer aliiandika London mwaka 1966, na ndiyo inayotumika duniani hadi leo. Ibn Hajar alikuwa ameshapita hapo miaka 400 kabla, akitokea njia nyingine kabisa, ya fatwa.

Na kuna mkongwe zaidi. Abu Zayd al-Balkhi, mtu wa Balkh, katika Afghanistan ya leo, alizaliwa yapata mwaka 850 akafariki 934. Aliacha kitabu chenye sehemu mbili, moja ya afya ya mwili na moja ya afya ya nafsi, na aliwalaumu waganga wa zama zake kwa kushughulika na mwili peke yake. Katika sehemu ya nafsi anazungumzia hasira, hofu, huzuni na wasiwasi, kila kimoja mahali pake. Huzuni anaigawa mara mbili: ile yenye sababu inayojulikana, kama msiba, na ile inayomjia mtu bila yeye kujua imetoka wapi, ambayo anaihusisha na mwili. Mgawanyo huo hata leo ningemfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Tena anashauri jambo ambalo mama yeyote wa nyumba atalielewa: kama unavyoweka dawa kabatini kabla ya homa, weka fikra njema moyoni ungali mzima, ili siku ya dhoruba uwe na pa kushika.

Wapo wanaofurahi kusema kwamba al-Balkhi "aliwatangulia Wazungu." Mimi sijali nani alitangulia. Ninachojali ni kwamba mgonjwa wangu anayesikia neno "sonona", yaani huzuni iliyofikia kuwa ugonjwa, kwenye redio na kuliona la kigeni, nikimwambia huzuni na wasiwasi vimeandikwa na Muislamu miaka 1,100 iliyopita kama maradhi yanayotibika, anavuta kiti karibu.

Sasa Baba. Miaka ile mitatu ilipokwisha, nilimwelezea ile tiba ya mazoezi. Akaniuliza swali moja: "Unataka nisali bila udhu? Na dhambi yake abebe nani, wewe?" Sikuwa na jibu. Diploma yangu haina jibu la swali hilo. Nikaenda kwa maalim mmoja mzee pale Bombo, aliyenisomesha juzuu nikiwa mtoto, nikampelekea maneno ya Ibn Hajar. Aliyajua. Asichokijua ni kwamba huu ni ugonjwa wenye vidonge na wenye mpango wa wiki kwa wiki. Tukakaa watatu mkekani. Maalim akamwambia Baba kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi mmoja, maji yasiyofika lita. Akamkumbusha kanuni ya mafakihi kwamba yakini haiondolewi na shaka. Akamkumbusha hadithi ya mtu anayedhani udhu umemtoka ndani ya swala, akaambiwa asiondoke mpaka asikie sauti au ahisi harufu. Kisha akamtazama: "Kuanzia leo, mzee, kosa ni kurudia. Na siku ya Kiyama ukiulizwa, sema fulani ndiye aliyekwambia."

Mimi nikapima maji kwenye kikombe cha bati, nikachora mstari kwa rangi ya kucha.

Haikuwa muujiza. Wiki ya kwanza alilia kama mtoto, mtu aliyepigana vita. Kidonge cha fluoksetini, dawa ya ugonjwa huo, kila asubuhi, kikombe mara tano kwa siku, maalim akipita baada ya Alasiri kumuuliza tu: "Umerudia?" Mwezi wa pili aliwahi rakaa ya mwisho ya Adhuhuri. Mwezi wa nane alisimama safu ya kwanza, na Mama akaanza kulalamika kwamba jerikani tupu zimejaa nyumba nzima.

Waheshimiwa, saikolojia ya Kiislamu ninayoiomba ni ule mkeka wenye watu watatu. Baba aliupata kwa bahati: ana binti muuguzi, na binti huyo ana maalim wa utotoni ambaye bado yu hai. Katika sensa ya 2014 Waislamu wa nchi hii tulikuwa takriban asilimia 14, kama mtu mmoja kati ya saba. Hatuwezi wote kutegemea bahati ya aina hiyo.

Elimu yenyewe ipo na inakua. Aliyeisukuma katika zama zetu ni Profesa Malik Badri, Msudani, aliyezaliwa Rufaa mwaka 1932, mtoto wa Sheikh Babiker Badri yuleyule aliyefungua shule ya wasichana mwaka 1907. Mniwie radhi kwa kujivuna kidogo, sisi Wanubi mtu wa Sudan akitajwa kwa heri tunanyoosha shingo. Badri alisomea saikolojia Beirut na Uingereza, alitibu wagonjwa, alifundisha nchi nyingi hadi Malaysia. Mwaka 1975, mbele ya wasomi Waislamu wa sayansi za jamii huko Marekani, aliwafananisha wanasaikolojia Waislamu na watu wa ile hadithi ya kufuata nyendo za waliotangulia shubiri kwa shubiri, hata wakiingia shimo la kenge nasi tutaingia. Mwaka 1979 hotuba ile ikawa kitabu. Hakusema tutupe kila kilichotoka Ulaya. Yeye mwenyewe alitumia tiba za kitabia na kuzisifu. Alichokikataa ni kumeza nadharia ya mtu asiye na roho, kisha kwenda kumfundishia nayo Muislamu aliyekuja kwako analia kwa sababu amehisi Mola wake amemwacha. Mwaka 2017, akiwa na miaka 85, aliongoza kuhuishwa kwa jumuiya ya kimataifa ya fani hii. Alifariki mwaka 2021.

Leo fani hiyo inasomeshwa katika chuo cha Kiislamu cha Cambridge, inafanyiwa kazi katika kituo cha tiba cha Khalil huko Chicago tangu 2010, na ina maabara yake ya utafiti Stanford chini ya Dkt. Rania Awaad, ambaye mwaka 2015 pamoja na mwenzake alichapisha makala ya kulinganisha maelezo ya al-Balkhi juu ya wasiwasi na vipimo vya uchunguzi vya sasa. Abdallah Rothman na Adrian Coyle mwaka 2018 walitoa kielelezo cha nafsi ya mtu kilichojengwa kwa kuwahoji wanazuoni: nafsi, akili, moyo, roho, na jinsi vinavyovutana. Ukitazama ramani, mstari unapita London, Istanbul, Islamabad, Kuala Lumpur. Afrika Mashariki unaturuka juu kama ndege ya hijja.

Hata hivyo sitaki tuichukue fani hii kama ilivyo. Ninavyoiona mimi, ina vielelezo vingi na vipimo vichache. Makala kumi zitakuchorea duara la nafsi na moyo kwa rangi nzuri. Moja itakuambia wagonjwa wangapi walipata nafuu, wakilinganishwa na nani, baada ya muda gani. Na kuna wale ambao kila aya ya Qur'ani wanaitafutia nadharia ya Freud, yule daktari wa nafsi wa Vienna, ya kufanana nayo. Hao nawaogopa kuliko wanaopinga.

Wanaopinga wana hoja mbili, na zote nimezisikia kwa watu ninaowaheshimu. Wa kwanza ni daktari mwenzangu anayesema hakuna fizikia ya Kiislamu wala hesabu ya Kiislamu, kwa nini kuwe na saikolojia ya Kiislamu? Namjibu kwamba jiwe likianguka haliulizi maana ya kuanguka kwake. Mtu anauliza. Baba hakuniuliza fluoksetini inafanyaje kazi kwenye ubongo. Aliniuliza nani atabeba dhambi. Tiba isiyo na nafasi ya swali hilo haitamezwa, hata kama kidonge kimemezwa.

Wa pili ni ustadhi anayesema Qur'ani inatosha, mwenye imani thabiti haugui nafsi. Huyu namwomba asome tena. Nabii Yaakub alilia mpaka macho yakawa meupe kwa huzuni, na hakuna aliyemwambia imani yake ni haba. Mwaka aliofariki Bibi Khadija na Abu Talib, wanahistoria wetu wenyewe wanauita Mwaka wa Huzuni. Na Imamu Ghazali, bahari ya elimu, mwalimu mkuu wa chuo cha Nizamiyya cha Baghdad, mwaka 1095 alisimama mbele ya wanafunzi wake na ulimi ukakataa. Amesimulia mwenyewe: neno halitoki, chakula hakipiti kooni, matabibu wakakata tamaa wakisema jambo limeingia moyoni. Kama Ghazali aliweza kukwama namna ile, kijana wa bodaboda wa Yumbe naye tumruhusu kukwama bila kumwambia asali zaidi. Ndugu zetu wa kale hawakuwa na haya hiyo. Hospitali ya Arghun kule Aleppo, iliyojengwa mwaka 1354, ilikuwa na chemchemi uani ili wagonjwa wa akili watulizwe na sauti ya maji. Wodi yetu ina bomba moja, na linavuja.

Sipingi kisomo. Hilo liandikwe wazi. Nimeona mgonjwa akitulia kwa Ayatul-Kursi kuliko kwa sauti yangu. Ninachokipinga ni kisomo kinachofungia mlango. Nimepokea msichana aliyefungwa mnyororo mguuni miezi miwili ili jini achoke. Nimepokea kijana mwenye kifafa aliyechapwa. Nimepokea mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita, haoni usingizi, anasikia sauti, ameambiwa aache vidonge kwa sababu vinagombana na aya. Tulimpoteza. Zaidi ya hapo sitaki kuandika.

Na upande wangu wa hospitali nao hauna usafi wa kujisifia. Chukueni Ramadhani. Kila mwaka, wiki ya pili ya mfungo, najua watakaorudi. Mgonjwa anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, anafunga bila kumwambia mtu, anapungukiwa maji kwa jua la Arua, dawa inajilimbikiza mwilini inakuwa sumu: mikono inatetemeka, anatapika, anaongea kama mlevi. Mwingine anaruka dozi ya mchana na ya asubuhi pia, kwa sababu hakuna aliyemweleza kwamba dawa nyingine zinaweza kuhamishiwa usiku kwa ushauri wa daktari, na nyingine haziruhusu mchezo huo. Mwingine anakesha kwa tarawehe na tahajudi, usingizi unapungua, na kwa mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, kukosa usingizi ni kiberiti kwenye nyasi kavu. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo ndani ya Qur'ani yenyewe. Lakini mgonjwa wa akili hajioni mgonjwa wa aina hiyo, maana kila mtu amemwambia tatizo lake ni imani. Suala hili moja tu, likisomeshwa siku moja kwa maimamu na wauguzi wakiwa chumba kimoja mwezi wa Shaabani, litaokoa watu mwaka huohuo. Halihitaji hata profesa.

Wala tusidhani tunaanza kutoka sifuri katika nchi hii. Uganda imeshaufundisha ulimwengu namna ya kufanya kazi kama hii. Watafiti walipokwenda Rakai na Masaka, kabla ya kutibu walikaa kuwasikiliza wanavijiji wakitaja huzuni yao kwa Kiganda: yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia. Wakajenga juu ya maneno hayo. Vijiji 30, vikundi vya wanawake mbali na vya wanaume, mkutano mmoja kwa wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa hapohapo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: waliokuwa bado na ugonjwa wa sonona baada ya tiba walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji ambavyo havikupata tiba hiyo asilimia 54.7. Profesa Etheldreda Nakimuli-Mpungu wa Makerere naye alijenga tiba ya vikundi kwa watu wenye virusi vya UKIMWI na sonona, akaipima, dunia ikasoma. Hapa kwetu, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanawake walifundishwa kukabili dhiki kwa sauti zilizorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, ndugu wa Kinubi chetu, na ilipopimwa ikaonekana imewapunguzia mzigo.

Basi njia tunayo: sikiliza maneno ya watu, jenga tiba juu yake, pima, chapisha hata kama matokeo yamekuaibisha. Kinachobaki ni kuipitisha njia hiyo msikitini.

Kwa Chuo Kuu cha Kiislamu. Uamuzi wa kuwaanzisha ulitoka kwenye mkutano wa nchi za Kiislamu Lahore mwaka 1974, na mlifungua milango mwaka 1988 na wanafunzi 80. Mimi naomba darasa la 12. Sita watoke sharia, sita watoke afya, wakae dawati moja miaka miwili. Wa sharia wajifunze kutofautisha kifafa, wazimu wa baada ya uzazi na huzuni ya kawaida. Wajue maswali ya kumuuliza mtu anayetaka kujiua, na waweze kuyauliza bila kutetemeka. Wa afya wasome Ghazali na al-Balkhi na mlango wa wasiwasi katika fikihi, wajue kalamu imeinuliwa kwa nani, yaani nani haandikiwi dhambi, na kwa nini. Na wote wafanye mazoezi wodini chini ya msimamizi, kwa saa zinazohesabiwa, kabla hawajaachiwa mtu. Kampasi mnayo hapa Arua, wanafunzi wa udaktari mnao Kibuli. Ombi langu zito ni hili: msianze na vyeti vya wikendi. Kozi ya siku tatu itatuletea watu 500 wenye kadi shingoni, wanaofanya kilekile cha zamani kwa jina jipya, na fani itakufa kwa aibu kabla haijazaliwa. Na chochote mtakachotunga, kitungeni na kwa Kiswahili. Nafsi, roho, akili, hofu, huzuni, faraja, subira, maneno yote tunayo vinywani. Hakuna sababu ya mtoto wa Bombo kwenda kuyasoma kwa Kiingereza kisha ayatafsiri upya arudi nayo nyumbani.

Kwa Baraza Kuu. Nyinyi mnawafikia watu Ijumaa moja kuliko sisi mwaka mzima. Andikeni mwongozo wa ukurasa mmoja kwa kila imamu: hakuna mnyororo, hakuna fimbo, hakuna kumwambia mtu aache dawa, na mgonjwa wa namna hii na hii apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Anayesomea watu na kukaidi hayo, msimtambue. Najua kuna misikiti inayosikiliza uongozi wenu wa Old Kampala na kuna inayosikiliza ule wa Kibuli. Wasiwasi haujali. Katika jambo hili kaeni pamoja walau asubuhi moja.

Kwa Wizara. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 imempa mgonjwa haki ambazo ile ya zamani haikuziota. Ongezeni jambo dogo kwenye fomu ya kumpokea mgonjwa: swali moja kuhusu imani yake na nani amemtibu kabla ya kufika. Si la Waislamu peke yao. Mlokole anayefunga kavu siku 40 naye anatuhusu. Na Baraza la Elimu ya Juu, mkipelekewa mtaala huu mezani, ukaguliwe kwa ukali kama wa uuguzi au udaktari. Msiuonee huruma kwa sababu una bismillahi juu.

Fedha mtaniuliza. Darasa la watu 12, walimu ambao tayari wanalipwa, na basi la kuwapeleka wodini mara mbili kwa wiki. Nimeona harusi za watu wa kawaida zilizokula zaidi.

Nimemsomea Baba barua hii jana baada ya Isha. Ana miaka 78 sasa. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniambia niondoe neno moja na niongeze jambo moja. Neno nimeliondoa. Aliloniambia niongeze ni kwamba kikombe cha bati bado anacho, mstari wa rangi ya kucha ulifutika kitambo, na hajawahi kuniomba niuchore tena.

Wenu katika kazi,
Muuguzi wa magonjwa ya akili, binti wa Bombo
Arua